i7 ya laki sita na nusu ya kuchezea Valorant: nichukue au niache?

Swali limetoka kwa msomaji, mwanafunzi wa chuo pale Morogoro: "Shikamoo kaka. Nina laki saba nimejichanga kwenye bumu, nataka kompyuta ya mezani ya kucheza Valorant na CS2 na washkaji, na mpira kidogo. Kuna duka wananipa i7 RAM 8 na monita yake kwa laki sita na nusu, nimekutumia picha ya stika. Rafiki yangu ananiambia bora laptopu. Afu kwa sasa nikicheza kwenye mashine ya rumeti ping inafika 200, nikinunua yenye nguvu itashuka?"

Marahaba mdogo wangu. Hela ya bumu (mkopo wa chuo) najua inavyouma ikipotea, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, ila jibu la haraka ndo hili: hiyo i7 achana nayo, na laki saba inatosha kabisa kupata mashine ya maana kama utakubali kuinunua kwa awamu mbili badala ya kutaka kuondoka dukani na kila kitu siku moja. Na ping (ule ucheleweshaji wa intaneti kwenye gemu) haitashuka, hilo nitalifikia huko chini.

Nimeikuza ile picha. Stika imeandikwa i7-2600. Sasa watu wakiona i7 akili inagota hapo hapo, hawasomi tena kinachofuata, wakati kinachofuata ndo chenyewe. Kwenye namba za tarakimu nne kama hii, namba ya kwanza baada ya kistari ndo kizazi cha prosesa, hapo ni 2, yaani kizazi cha pili, mzigo wa 2011. Mwaka huo wewe pengine ulikuwa unajifunza a e i o u. Muuzaji hajakudanganya, ni i7 kweli, ila i7 ya wakati ule na i5 ya 2018 ni kama kulinganisha basi la zamani la ghorofa na Costa mpya, jina kubwa halikufikishi. Kwa mfano i5-8500 ina koa 6 (koa ni vichwa vya kazi ndani ya prosesa), hiyo i7 yako ina koa 4, na kila koa moja ya kwenye i5 inafanya kazi haraka kuliko ya kwenye i7. Gemu za kulipuana kama Valorant na CS2 (Counter-Strike 2) zinategemea sana kasi ya koa moja moja.

Lakini shida kubwa zaidi ipo pengine. Hiyo mashine haina kadi ya grafiki (kifaa cha kuchora picha za gemu), inategemea grafiki iliyomo ndani ya prosesa, inaitwa HD Graphics 2000, na hiyo mwisho wake ni DirectX 10.1 (DirectX ni lugha ambayo gemu za Windows zinaongea na grafiki). Valorant na CS2 zote zinataka DirectX 11. Kwa hiyo sio kwamba zitacheza kwa kustaki, hazitacheza. Ungelipa laki sita na nusu, ukapakia kwenye bajaji mpaka hosteli, ukamaliza bando kudaunilodi CS2 ambayo inakula nafasi ya GB 85, afu unabonyeza Play unaletewa kiboksi cha kosa. Nimeona vijana wamekaa mbele ya hicho kiboksi wanakitazama kama kitabadilika.

Na kuna hili la Windows. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na kitu kinaitwa TPM 2.0, yaani chipu ya usalama ndani ya mashine. Mafundi tunajua njia za kuipachika Windows 11 kwenye mashine ya zamani, ndiyo, ila Valorant ina mlinzi wake wa kukamata wanaochiti, Vanguard, na huyo kwenye Windows 11 anadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa mashine wakati inawaka) viwe vimewashwa, bila hivyo anakutoa nje. Ujanja wa fundi unaishia mlangoni kwa Vanguard. Ndo maana kwako wewe ambaye gemu yako ya kwanza ni Valorant mimi nasema kizazi cha 8, usishuke hapo, hata kama kizazi cha 4 na cha 6 utazikuta kwa bei tamu sana. Angekuwa mtu anacheza Dota tu au gemu za zamani ningemwambia chukua hata i5-6500 uokoe hela.

Sasa unatafuta nini. Unatafuta kompyuta za ofisini zilizotumika, hizi zinazoingia kwa makontena kutoka Ulaya na Dubai, makampuni huko yanabadilisha mashine kila baada ya miaka michache na sisi tunaokota. Majina ya kushika kichwani: Dell OptiPlex 3060, 5060 na 7060, HP EliteDesk 800 G4 na ProDesk 600 G4, Lenovo ThinkCentre M720 na M920. Hizi ndo za kizazi cha 8. Ndani uwe unataka i5-8400 au i5-8500. i3-8100 pia inafaa ukibanwa, ina koa 4 na bado inaipiga ile i7 yako kwenye gemu.

Ila hapa sasa nisikilize vizuri maana hapa ndo watu wengi wanapigwa, na hawapigwi na muuzaji, wanajipiga wenyewe. Hiyo OptiPlex 7060 moja inakuja kwenye maboksi ya saizi tofauti. Kuna kale kadogo kama kamusi, kuna ka wastani kembamba kanakolala chini ya monita, na kuna lile kubwa linalosimama ambalo mafundi tunaita tawa. Muuzaji atakwambia zote sawa, prosesa ile ile, RAM ile ile, na kale kadogo kanapendeza mezani kweli. Sio sawa. Kale kama kamusi kwa kawaida huwezi kuongeza kadi ya grafiki, hamna pa kuichomeka. Kale kembamba kanaingia kadi fupi tu, zile za nusu kimo, na hizo ni chache na bei yake inazidi za kawaida. Tawa ndo linakupa uhuru. Kwenye Lenovo ni rahisi kutambua, herufi ya mwisho ya jina inakwambia: M720t ni tawa, M720s ni kembamba, M720q ni kale kadogo. Kwa Dell angalia lebo, MT ni tawa na SFF ni kembamba, kwa HP tawa ni TWR au MT na kembamba ni SFF. Mimi nikiwa nanunua naanza na boksi kabla hata sijauliza ndani kuna nini, kwa sababu RAM nitaongeza, diski nitabadilisha, boksi siwezi kulirefusha.

Cha pili ni pawa saplai. Mashine za ofisini zimewekewa umeme wa kutosha kuandika barua na kufungua Excel, kwa hiyo nyingi hazina ule waya wa ziada wa pini 6 unaokwenda kwenye kadi, na kibaya zaidi Dell na HP wamejitengenezea plagi zao wenyewe kwenye mazabodi (ubao mkuu wa mashine), huwezi kwenda dukani ukanunua pawa saplai yoyote ukachomeka. Kwa hiyo wewe kadi yako lazima iwe ile inayokula umeme kutoka kwenye tundu lake la mazabodi tu, na lile tundu mwisho wake ni wati 75. Hiyo peke yake inakupunguzia kichwa kuuma, kwa sababu orodha inabaki fupi: GTX 1050 Ti ya GB 4, GTX 1650 ambayo haina tundu la pini 6 (angalia, zipo zenye tundu na zisizo na tundu, jina ni lile lile), na RX 6400. GTX 750 Ti nayo bado inaburuza Valorant kama hela imegoma kabisa. Kwa gemu zako mbili na mpira, 1050 Ti iliyotumika inakutosha, EA wenyewe kwenye gemu yao ya mpira, FC 25, wameiweka kama kiwango cha chini cha kuanzia, na Valorant utaona fremu (picha za skrini) zinapita 100 kwa sekunde bila kutoa jasho. RX 6400 ni nzuri na ina toleo la nusu kimo, inaokoa wenye maboksi membamba, ila kwenye mashine ya kizazi cha 8 inapoteza nguvu kidogo kwa sababu imetengenezewa mazabodi mpya zaidi.

GT 1030 usiiguse kabla hujasoma kwa nyuma. Zipo za aina mbili, moja ina kumbukumbu ya GDDR5 na nyingine DDR4, jina moja, boksi karibu moja, halafu hiyo ya DDR4 ni dhaifu vibaya sana. Na GT 730 watakayokwambia "kadi ya gemu hii ya GB 4" mwachie mwenyewe.

Nikupe kisa changu. Mwaka 2019 nilinunua 1050 Ti kwenye duka fulani, sitalitaja, boksi jipya linang'aa na plastiki yake, bei chini kidogo ya wengine, nikajiona mjanja. Nimefika nyumbani nachomeka, Windows inaisoma vizuri kabisa, GTX 1050 Ti 4GB, nikapiga picha nikarusha kwenye grupu. Nafungua gemu, menyu inakuja, nikiingia uwanjani skrini ya bluu. Nikabadilisha draiva, skrini ya bluu. Nikapiga Windows upya, usiku wa saa nane nipo, bado skrini ya bluu. Asubuhi ndo nikakumbuka kuna kaprogramu kanaitwa GPU-Z, nakafungua, mwanzoni mwa jina la kadi kameandika neno FAKE. Ndani ilikuwa chipu ya GTX 550 Ti, mzigo wa 2011 wameuandika jina jipya kwenye bios, ile programu ya ndani inayowasha kifaa. Nilirudi dukani nikaambiwa kitu kikishafunguliwa hakirudi. Na dalili ilikuwepo machoni mwangu toka mwanzo sikuiona: kadi ile ilikuwa na tundu la VGA, lile la bluu. 1050 Ti halisi chipu yake haitoi VGA kabisa. Kwa hiyo wewe ukiona 1050 Ti ina tundu la bluu hata usiulize bei, endelea na safari.

Na hapo hapo inatoka habari ya monita. Monita nyingi za mtumba za bei rahisi zina VGA peke yake, halafu kadi zote nilizokutajia kuanzia 1050 Ti kupanda hazina VGA. Aidha uchukue monita yenye HDMI au DisplayPort, au ununue adapta ya kugeuza, na iwe ile yenye saketi ndani yake, sio waya mtupu. Usihangaike na monita za 144Hz (zinazobadilisha picha mara 144 kwa sekunde) kwa sasa, ya 60Hz ya inchi 20 au 22 inatosha kuanzia.

Hesabu ya laki saba ningeigawa hivi, sio bei za kusomewa, ni mipaka ya kutovuka. Tawa la kizazi cha 8 na RAM 8 lisizidi laki nne na nusu, piga bei, zunguka maduka matatu manne, na kama una mtu wa kuaminika Kariakoo mtume, nauli ya kutoka Moro inarudi. Monita ya mtumba isizidi laki moja. Inabaki kama laki na nusu. Hapo kama haijaja na SSD (diski ya kasi isiyozunguka) basi nunua SSD kwanza, hata ya GB 256, kwa sababu diski ya zamani ya kuzunguka itakufanya uingie raundi wenzako wameshakufa. Halafu unakaa na mashine hivyo hivyo, bila kadi, mpaka bumu lijalo. Najua inaonekana kama nakupunja, lakini grafiki ya ndani ya i5-8500, ile UHD 630, inacheza Valorant ukiweka kila kitu chini, hasa RAM ikiwa vipande viwili vya 4 badala ya kimoja cha 8, maana vikiwa viwili RAM inapitisha data njia mbili kwa pamoja na grafiki ya ndani inaishi kwa kutegemea RAM. CS2 itakusumbua, tuseme ukweli, hiyo subiri kadi. Bumu likija unaongeza 1050 Ti na umemaliza.

Ungenunua ile i7 leo, bumu lijalo ungekuwa unatafuta wa kumuuzia.

Laptopu kwa laki saba sitaizungumzia sana. Hutapata yenye kadi ya maana, inapata joto, huwezi kuiongeza kitu zaidi ya RAM na diski. Ya kusomea sawa.

Siku ya kununua usiende mikono mitupu, nenda na flashi yenye CPU-Z, GPU-Z na CrystalDiskInfo, zote za bure. Ya kwanza inakwambia prosesa na RAM ni zipi kweli, ya tatu inakuonyesha SSD imechoka kiasi gani, ikiandika Caution usiichukue. Washa mashine, iache dakika 20 ikicheza video huku umeweka sikio. Feni ikianza kulia kama ndege ndogo inawezekana ni vumbi tu na pesti ya prosesa imekauka, hiyo ni ya kusafisha, ila mashine ikijizima yenyewe hiyo inaweza kuwa zaidi ya vumbi. Ingia kwenye bios uone TPM na Secure Boot vinawashika, na uhakikishe hamna nenosiri la bios, mashine za makampuni nyingine zinakuja zimefungwa na mwenye funguo yuko Uholanzi. Muuzaji mzuri hatakasirika. Anayekasirika, ameshakujibu.

Umeme sasa. Wewe upo hosteli, umeme ukikatika unarudi kwa kishindo, na ukirudi unakuta mashine imelala jumla. Kama UPS (betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika) imekushinda basi angalau kile kifaa tunachoweka kwenye friji, fridge gadi, kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite. Ni hela ndogo ukilinganisha na mazabodi.

Haya, ping. Rumeti wako mwambie mashine yake haina kosa. Ping ni muda wa taarifa kutoka kwako mpaka kwenye seva na kurudi, prosesa haina cha kufanya hapo. Mwanga ndani ya waya wa faiba unakwenda kama kilomita laki mbili kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za umbali zinakugharimu milisekunde 10 kwenda na kurudi, hata ukiwa na intaneti ya rais. Kutoka Dar kwa mstari ulionyooka, Johannesburg ni kama kilomita 2,500, Dubai kama 4,000, Frankfurt karibu 7,000. Piga hesabu mwenyewe: Frankfurt huwezi kushuka chini ya 70 hata kwa muujiza, na kwa kuwa nyaya zetu hazinyooki, zinazunguka baharini, juu ya hapo unaongeza nyingine nyingi. Waya wa baharini wa SEACOM uliwashwa 2009, wa EASSy mwaka uliofuata, na Mei 2024 zilipokatika zote mbili kwa siku moja huko kusini kila mtu alijua tunaishi kwa nyaya ngapi.

Cha kufanya: CS2 ina sehemu kwenye mipangilio ya kuweka kikomo cha ping unachokubali kutafutiwa mechi, weka chini ili ikutafutie seva ya karibu. Valve, wenye CS2, wana seva Johannesburg na Dubai. Utasubiri mechi muda mrefu zaidi, hasa saa za kazi, ila ukiipata utapiga mtu pale unapomuona. Pili, hizo mashine za ofisini nyingi hazina waifai, na mimi nasema bora, vuta waya wa LAN kutoka kwenye rauta. Kama unatumia simu, chomeka kwa waya wa USB usipige hotspoti. Na wakati unacheza mtu asidaunilodi kwenye laini hiyo hiyo, gemu yenyewe inakula data kidogo, kinachoua ping ni yule wa kitanda cha juu anayeshusha muvi. Apdeti za gemu ndo zinakula bando, hizo panga usiku.

Halafu ukishaweka kadi, waya wa monita uchomeke kwenye kadi yenyewe, kule chini, sio juu kwenye mazabodi. Usicheke. Mwaka jana kijana aliniletea tawa lake analalamika 1650 yake ni feki, fremu 25, amegombana na muuzaji mpaka wametukaniana wazazi. Nikageuza boksi, nikahamisha waya sentimita kumi, nikamrudishia.

Kabla hujalipa popote nitumie picha mbili, lebo ya nyuma ya boksi na ukurasa wa kwanza wa CPU-Z. Na yule wa i7 mwambie asante, umebadilisha mawazo.